Wakufunzi wa kanzidata, hiyo "si" ya Datalog mnayotuuzia ni ipi?

Wakuu, leo nina povu, mnivumilie.

Kuna kozi ya kanzidata inauzwa mtandaoni, jina naliacha. Mkufunzi katamka kifua mbele kwamba ukishaiongezea Datalog, lugha ya kuiuliza kanzidata maswali kwa kanuni, ukanushi (hiyo "si"), hakuna swali linalokokotoleka haraka litakalokushinda. Basi, slaidi inayofuata. Ukanushi upi, hasemi!

Chukueni kanuni hii:

ushindi(X) :- hatua(X,Y), si ushindi(Y).

Yaani uko pa kushinda kama unaweza kumpeleka mwenzako pasipo na ushindi. Mstari mmoja tu. Sasa chukueni mchezo wa nafasi mbili: a iende b, b irudi a. Mifumo ya ukanushi wa tabaka, inayotaka jambo likamilike kukokotolewa kabla ya kukanushwa, inaikataa kanuni hata kabla ya kutazama data, kwa kuwa ushindi unapita kwenye "si" na kujirudia wenyewe. SQL, lugha ya kawaida ya kanzidata, katika toleo la 1999 ilileta WITH RECURSIVE, yaani maswali yanayojirejelea, pamoja na katazo hilohilo. Jaribuni kujirejelea ndani ya NOT EXISTS ("si" ya SQL) kwenye mfumo wa PostgreSQL muone mtakavyotimuliwa. Ukifuata modeli imara za Gelfond na Lifschitz (1988), yaani seti za majibu zinazojithibitisha zenyewe, unapata majibu mawili: ama a ni ya ushindi, ama b. Ufanye mzunguko uwe wa watatu, a-b-c-a, hupati jibu hata moja! Van Gelder, Ross na Schlipf, wenye njia yao nyingine ya kusoma "si", wao wanasema nafasi hizo hazijaamuliwa. Kwangu hao ndio wenye adabu, maana mchezo wenyewe ni sare kweli.

Na msiniambie ni suala la ladha. Mwaka 1991 Kolaitis alithibitisha, kwa maswali ya michezo ya namna hii, kwamba ukanushi wa tabaka una uwezo mdogo kuliko mantiki ya fiksipointi, ile inayorudia kanuni mpaka matokeo yasibadilike tena.

Halafu hiyo ahadi ya "kila swali la haraka". Immerman na Vardi waliithibitisha kwa mantiki ya fiksipointi pale data inapokuwa na mfuatano: kipi kinatangulia, kipi kinafuata. Ondoa mfuatano, na fiksipointi yako yote haiwezi kukwambia kama idadi ya watu kwenye jedwali ni shufwa au witiri. Shufwa au witiri, jamani, kitu cha darasa la tatu!

Niliandika sharti hilo kwenye zoezi, nikakatwa alama: "nje ya mada". Nje ya mada ipi? Nimewaandikia, kimya. Nataka alama zangu. Na mwenye kozi yoyote inayotaja mfuatano waziwazi, aiweke hapa chini, nihamie huko.