Mrejesho: Kumbukumbu ya kaka yangu askari, Wete, Pemba

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwezi uliopita niliuliza namna ya kumkumbuka kaka yangu, askari polisi aliyeuawa akiwa mapumzikoni, amevaa kikoi, akirudi nyumbani kutoka msikitini. Nakushukuruni nyote mlionijibu.

Ushauri wa hitima, yaani kumsomea marehemu Qur'ani nzima, tuliufuata Ijumaa iliyopita baada ya laasiri, hapa hapa Wete: juzuu 30 ziligawiwa kwa wasomaji, na wenzake wa kituoni walikuja bila sare, wakakaa mkekani pamoja nasi. Mmoja alituletea filimbi ya marehemu, ambayo kamba yake bado ina fundo alilolifunga mwenyewe, na mama hakuiachia mkononi hadi magharibi.

Ombi la kuandikwa jina lake kwenye ubao wa kumbukumbu, ambalo wengi mlilipendekeza, halikufanikiwa, kwa kuwa tulijibiwa kwamba ubao ule ni wa waliofia kazini tu. Nilikasirika, sifichi. Birika la kuhifadhia maji ya udhu, sadaka jariya (ambayo thawabu zake hazikatiki) aliyoitaja mmoja wenu, limefika nusu. Saruji imetuishia, ila fundi ameahidi kurudi baada ya msimu wa karafuu.