"Si mbadilishe waya tu?" Huyu mheshimiwa tutamvumilia mpaka lini?

Fundi Msongo (mwanzisha uzi)

Wakuu, kikao cha wadau kimeisha sasa hivi, hata chai haijapoa. Ajenda ilikuwa moja: kupandisha ile laini ya kilovoti 132 iwe 220. Wahandisi wamejikunja na slaidi zao, ramani ya mkuza (ukanda wa ardhi laini inapopita) ipo ukutani, makadirio ya mzigo wa miaka ishirini yapo mezani. Ndipo yule mheshimiwa (mnamjua, simtaji, hata mbuzi wa kule kwao wanamjua) akavua miwani, akaifuta na tai, akasema: "Kwani si mbadilishe waya tu? Vibali vitafuata."

WAYA. TU.

Na ukumbi ukapiga makofi! Mtu kapewa maiki, maji ya chupa na posho ili aje kusema waya tu.

Haya, tuchukue huo waya. Laini nyingi za zamani za 132 zimefungwa Wolf: alumini ya milimita za mraba 158 yenye kiini cha chuma, kipenyo milimita 18 na kitu. Itundike hiyo kwenye 220 uone. Kwa msongo (volti) huo ni nyembamba mno, hewa inayouzunguka waya inaanza kuvunjika, usiku wa ukungu unasikia mlio kama chapati kikaangoni kutoka mnara wa kwanza hadi wa mwisho, redio za kijiji kizima zinakoroma na umeme unapotelea hewani. Ndiyo maana kwenye 220 hufungwa waya wa kama milimita 28, au nyaya mbili mbili kwa kila fezi. Sasa waya mnene ni mzito, na upepo unaushika zaidi. Ile minara ya kona iliyopigiwa hesabu ya Wolf itasimama kweli?

Vikombe vinavyoutenga waya na mnara je? Kwenye 132 unatundika kama 10 kwa kila mnyororo, kwenye 220 kama 15. Kikombe kimoja cha kawaida kina urefu wa milimita 146. Piga hesabu: mnyororo wa kwanza ni mita 1.46, wa pili mita 2.19. Waya umeshuka sentimita 73 kwa sababu ya vikombe peke yake, wakati huo huo kanuni za usalama zinataka waya wa 220 uwe juu zaidi kutoka ardhini kuliko wa 132. Na ukiyumba kwa upepo usiukaribie mnara, kwa hiyo mikono ya mnara nayo irefushwe. Bado hatujaingia kituo cha kupoza umeme: transfoma mpya, breka mpya, swichi za kutenganisha, vizuia radi, transfoma za kupimia mkondo, relei zote (zinazogundua hitilafu na kukata umeme) zipangwe upya. Hakuna kifaa cha 132 kitakachokubali kuhamia 220 kwa kubembelezwa.

Waya tu! Alikuwa anafuta miwani na tai huku anasema hivyo. Na tai.

---

Kishoka Mstaafu

Mkuu kunywa maji. Hasira hiyo ukiiunganisha kwenye gridi tunazima kinu kimoja cha bwawa la umeme la Rufiji.

---

Mzee wa Vikombe

Nakuunga mkono nusu. Nusu nyingine mheshimiwa kakupiga bao, na hilo ndilo linalokuuma.

Kubadilisha waya tu ni kitu kipo na kinafanyika duniani kote. Unabaki 132 ile ile, minara ile ile, unashusha waya wa zamani na kupandisha waya wa kisasa unaostahimili joto bila kulegea. Waya wa kawaida wenye kiini cha chuma ukipita nyuzi joto 75 hadi 85 unaning'inia mpaka unakaribia migomba. Wenye kiini cha nyuzi za kaboni unafika nyuzi joto 180 bado umekaza, na kwa unene ule ule unapitisha mkondo karibu mara mbili. Mkuza haupanuki, hakuna nyumba inayobomolewa.

Ungemwambia hivyo badala ya kuja kulia humu.

---

Fundi Msongo

@Mzee wa Vikombe nilijua utakuja. Haya, laini ina urefu gani? Chini ya kilomita 80 hivi tatizo lako ni joto la waya, na hapo hoja yako inasimama. Ikipita hapo tatizo linakuwa kushuka kwa msongo. Ikifika kilomita mia tatu na zaidi unapigania gridi isikatike vipande. Waya wako wa kaboni haugusi hayo mawili ya mwisho, kwa sababu kizuizi kinachoshusha msongo kinatokana zaidi na nafasi kati ya fezi, na nafasi hiyo hujaigusa.

132 yenye waya mmoja kwa fezi, mzigo wake wa asili (ule inaoubeba bila msongo kupanda wala kushuka njiani) ni megawati arobaini na kitu. 220 ni kama 120. 400 yenye nyaya nne kwa fezi inapita 500. Wolf kwenye jua la kwetu inabeba ampea mia nne hivi, sawa na MVA (megavolti-ampea) 90 kwenye 132, lakini jaribu kuzisukuma hizo 90 kwa kilomita 250 uone mteja wa mwisho anapokea nini. Na kwa mzigo ule ule, ukitoka 132 kwenda 220, upotevu kwenye waya huo huo unabaki kama asilimia 36 ya ule wa mwanzo. Hesabu ya kidato cha tatu hiyo.

Yeye hakusema waya wa kaboni. Alisema waya tu, na tai mkononi.

---

Mzee wa Vikombe

Basi kwenye laini ndefu weka kapasita kituo cha mwisho zinyanyue msongo, ni nafuu na hazihitaji mkuza. Ila usisahau kuzitoa usiku mzigo ukishuka, vinginevyo unapandisha msongo mpaka friji za watu zinalia.

---

Binti Mkuza

Nyie mnagombania waya, mimi nimekwama kwenye "vibali vitafuata". Vifuate kutoka wapi?

Mradi kwanza uwe kwenye Mpango Kabambe wa umeme, la sivyo hakuna atakayeusikiliza. Upembuzi yakinifu, na ndani yake uchambuzi wa mtiririko wa mzigo: laini moja ikikatika, zilizobaki zinabeba? Halafu tathmini ya athari kwa mazingira hadi cheti kitoke kwa wasimamizi wa mazingira (NEMC), na tathmini inabidi iseme njia ngapi zilipimwa na kwa nini hii ndiyo imechaguliwa. Ukipita hifadhi ya msitu kuna wakala wa misitu TFS, ukivuka barabara kuu kuna wakala wa barabara TANROADS, ukikaribia uwanja wa ndege kuna mamlaka ya anga itakayotaka minara yenye rangi na taa. Gharama ikitaka kuingia kwenye bei ya umeme, EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, nao wana swali lao: kwa nini mteja alipie hii na siyo njia ya bei nafuu zaidi? Hapo waya wa kaboni na kapasita za @Mzee wa Vikombe lazima ziwe zimepigiwa hesabu kwenye makabrasha, hata kama zimekataliwa.

Ukianza kazi kabla ya hapo, mkopeshaji anafunga mfuko. Benki hizi hazitoi hata senti kama mpango wa kuhamisha watu haujakamilika.

---

Mthamini Huru

Na fidia hamjaigusa. Hapo ndipo miradi inafia.

Uthamini ukishaidhinishwa na Mthamini Mkuu, una uhai wa miaka miwili. Fidia ilipwe ndani ya miezi sita, ikipita riba inaanza kuhesabika. Miaka miwili ikiisha hamjalipa, mnarudi shambani kuhesabu miembe upya, na miembe nayo imekua. Mwenye nyumba hapewi bei ya nyumba peke yake: kuna posho ya usumbufu, posho ya makazi ya miezi 36 ya kodi, usafiri wa tani 12 ndani ya kilomita 20, na kama ana duka, faida ya miezi 36 kwa mahesabu yaliyokaguliwa.

Tatizo kubwa kuliko yote mnalicheka: majina. Fomu imeandikwa Mama Fulani, NIDA (kitambulisho cha taifa) inasema kitu kingine, akaunti ya benki ina jina la tatu. Malipo yanarudi. Mtu mmoja hajalipwa, hatoki, na mnara wake ndio wa kona. Kwa hiyo siku ya kuhesabu mali kagueni kitambulisho na kadi ya benki hapo hapo, pigeni picha ya mtu akiwa amesimama mbele ya mali yake, na tarehe ya mwisho ya kuhesabiwa mali itangazwe kijiji kizima siku hiyo hiyo. Mkichelewa wiki moja mtakuta nyumba za fidia zimeota, madirisha hazina.

---

Nairobi Volti

Nyinyi mnalia na kikao? Huku Kenya kuna ile laini ya kilovoti 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400. Mashine za upepo 365 zilisimamishwa karibu na Ziwa Turkana, megawati 310, zikawa tayari 2017. Laini haikuwa tayari. Mkuza ulikwama, mkandarasi wa Hispania akafilisika, upepo ukavuma bure mpaka Septemba 2018 laini ilipowashwa. Na malipo ya kuchelewa yalidaiwa, mnajua ni nani hulipa.

Huku mkuza wa 132 ni mita 30, 220 ni 40, 400 ni 60. Ukitoka 132 kwenda 220 unaongeza mita tano kila upande, na hizo tano ndizo zina vibanda, kanisa na choo cha shule.

---

Fundi Msongo

@Nairobi Volti asante kwa hizo mita tano. Mheshimiwa angesema choo kihame, vibali vitafuata.

Mkitaka kuona mpango uliofikiriwa, tazameni Iringa–Shinyanga: kilomita 670, ilijengwa kwa kiwango cha 400 ikawashwa kwa 220 kwanza. Mkuza umelipwa mara moja, minara imesimama mara moja. Siku mzigo ukikua unashughulika na vituo, siyo na watu.

---

Kaskazini Gizani

Hayo yote sawa, ila nijibuni hili. Rufiji kuna mitambo 9 ya megawati 235, jumla 2,115. Halafu 2025 tuliambiwa kaskazini waletewe umeme wa Ethiopia kupitia Kenya. Sisi ni yatima?

---

Binti Mkuza

Wewe umeletwa na nani tena? Umeme hauulizi pasipoti, unauliza umbali. Laini ya 400 ya Isinya hadi Singida ipo karibu na huko kuliko Rufiji.

---

Mzee wa Vikombe

Na siyo kuwasha swichi tu. Upande wa kusini tunaenda kuungana na Zambia. Ukifunga breka pale, mitambo ya Afrika Mashariki na ya kusini mwa Afrika inaanza kuyumbishana taratibu, yumbo moja linachukua sekunde kadhaa. Vidhibiti vya mitambo visipopangwa upya, yumbo linakua badala ya kufa, relei zinakata, nchi tatu zinalala giza. Ndiyo maana uchunguzi wa kuunganisha unachukua muda, na wadhibiti wa nchi zote wakubaliane nani analipia umeme wa kupitisha tu.

---

Luku Imeisha

Mimi naomba kujua kwa nini unit za elfu kumi zinaisha kabla ya mechi. Naishi na friji moja na mke mmoja.

---

Kishoka Mstaafu

@Luku Imeisha zima kila kitu nyumbani, angalia taa ya mita. Ikiendelea kuwaka-waka kuna umeme unavuja kwenye waya za ndani au jirani amejiunga kwako. Kama imetulia, ni friji: mpira wa mlango umechoka. Weka karatasi mlangoni, funga, ivute. Ikitoka kirahisi badilisha mpira.

---

Luku Imeisha

Imetoka yenyewe kabla sijaivuta.

---

Mthamini Huru

Kuna kero kubwa kuliko zenu zote: wanaofungua vyuma vya minara. Wanaanza na vile vyembamba vya mshazari vya chini kwa sababu mnara hauanguki siku hiyo. Unaanguka miezi sita baadaye upepo ukija, na kuondoka na mwenzake.

---

Mzee wa Vikombe

Dawa ni boliti ambazo kichwa chake kinakatika zikishakazwa, mita za kwanza tano sita kutoka chini. Na kila ukaguzi wa laini wahesabu vyuma, wasihesabu minara. Mnara ukiwa umesimama siyo kwamba ni mzima.

---

Luku Imeisha

Kwani kilo ya chuma chakavu sasa hivi ni shilingi ngapi?

---

Kishoka Mstaafu

Mods, mshikeni huyu kabla hajatoka na spana.