Naomba ushauri: vitendawili vya miji iliyobomolewa na vita

Wanajamvi, habari zenu. Nafundisha historia sekondari, na natunga vitendawili kuhusu miji iliyofanya udugu baada ya kuharibiwa na Vita Kuu ya Pili. Nimeanza na Coventry ya Uingereza. Ndege za Wajerumani ziliuteketeza usiku wa tarehe 14 Novemba 1940, pamoja na kanisa kuu lake. Mwaka 1944 ukafanya udugu na Stalingrad, mji wa Urusi ambao leo unaitwa Volgograd, na baadaye na Dresden, mji wa Ujerumani ulioteketezwa kwa mabomu ya Waingereza na Wamarekani Februari 1945. Hapo ndipo moyo wangu ulipo, kwa sababu wanafunzi huuliza mtu anaanzaje kumpa mkono aliyemchomea nyumba.

Nilivyotega mpaka sasa:

Paa langu limeungua, misumari yake imekuwa msalaba. (Coventry: misumari ya paa la kanisa kuu lililoungua iliunganishwa ikawa msalaba.)

Baba alidondosha moto, mwana kaleta msalaba wa dhahabu. (Dresden: msalaba wa juu ya kanisa la Frauenkirche ulitengenezwa na fundi Mwingereza, mtoto wa rubani aliyeshiriki kuushambulia mji huo.)

Cha Stalingrad kimenishinda. Wanawake wa Coventry waliupelekea mji huo kitambaa cha meza kilichotariziwa majina yao, lakini kila nikijaribu kinakuwa kirefu mno.

Je, ni haki kutega jambo ambalo mwanafunzi hajalisoma? Au nisimulie kwanza, nitege baadaye? Nisingependa darasa zima linipe mji tangu cha kwanza. Walimu na wazee wa fasihi simulizi, nisaidieni pia hicho cha kitambaa.