Amelia Dyer: alishafungwa 1879, ilikuwaje akaendelea hadi 1896?

Binti_Pangani
Wakuu, habari za Jumapili. Niko Reading, Uingereza, mwaka wa tatu sasa, natunza wazee. Bibi mmoja ninayemwogesha asubuhi, ana miaka tisini na kitu na kumbukumbu kunishinda mimi, aliniuliza kama huwa nakatiza kwa miguu pale Caversham Lock, kwenye malango ya mashua ya mto Thames. Nikamwambia ndiyo njia yangu ya kazini. Akasema, "Basi unapita juu ya watoto wa Mama Dyer." Nilidhani ni maneno ya uzee. Nikaenda kusoma, na tangu siku hiyo nazungukia barabara kubwa.

Kwa wasiomjua: alikuwa akichukua vichanga vya mabinti waliozaa nje ya ndoa, analipwa pesa ya mkupuo, anaahidi kuwalea kama wa kwake. Kisha anawakaba kwa utepe wa kushonea na kuwatupa mto Thames. Alinyongwa gereza la Newgate tarehe 10 Juni 1896. Kinachonisumbua ni hiki: mwaka 1879 daktari alishtushwa na wingi wa vifo vya watoto alivyoitwa kuvithibitisha kwa huyu mama, na mama akashitakiwa. Akapewa miezi sita na kazi ngumu, kosa ni uzembe wa malezi. Miezi sita! Nani alikuwa amelala?

Karani_Mstaafu
Hujambo binti. Nimekaa dawati la vizazi na vifo miaka 31, wilaya tatu, kwa hiyo nitakujibu kikarani. Wote walikuwa macho, ila kila mmoja anatazama karatasi yake.

Anza na baba. Sheria ya maskini ya 1834 ilimtua mzigo wa mtoto wa nje ikamtwika mama peke yake. Mwaka 1844 mama akaruhusiwa kumshitaki baba, lakini nenda kamthibitishe huyo baba wakati kazi yenyewe umefukuzwa tumbo lilipoonekana.

Njoo kwa mlezi. Mwaka 1870 Margaret Waters wa Brixton alinyongwa kwa biashara hiyohiyo. Bunge likatunga sheria mwaka 1872: anayepokea kwa malipo vichanga zaidi ya kimoja, chini ya umri wa mwaka mmoja, ajiandikishe kwa mamlaka ya mahali pake. Rudia kusoma. Zaidi ya kimoja. Ukichukua mmoja, akafa, ukachukua mwingine, hudaiwi fomu. Nikiona kifungu kama hicho najua aliyekitunga hajawahi kukaa dirishani na foleni mbele yake. Tena mtoto aliyezaliwa mfu hakuingizwa kwenye rejista za Uingereza hadi 1927.

Niliwahi kupokea bibi mmoja, kaja kuandikisha kifo cha mjukuu ambaye hata kuzaliwa kwake hakukuwa kumeandikishwa. Nikaandika kuzaliwa, nikafungua daftari la pili nikaandika kifo, wino wa kwanza haujakauka. Kwenye vitabu vyangu mtoto yule ameishi dakika ishirini.

Kuhusu 1879: mtoto aliyenyimwa chakula na kutulizwa kwa dawa yenye afyuni anafifia polepole, na kumtia mtu hatiani kwa kuua hapo ni kazi. Somo alilotoka nalo Dyer jela ni kutomwita tena daktari.

Chuma_cha_Pua
Mzee unazunguka sana. Huyo alikuwa mwehu, alilazwa hospitali za vichaa zaidi ya mara moja. Mwehu hazuiliwi na fomu.

Karani_Mstaafu
Wehu ndio ulikuwa utetezi wake Old Bailey, mahakama ya jinai ya London, Mei 1896. Wazee wa baraza waliumaliza kwa dakika nne na nusu. Mwehu gani anabadilisha majina, leo Mrs Thomas kesho Mrs Harding, halafu anaweka rehani nguo za watoto na kutunza risiti? Polisi walizikuta nyumbani.

Na aliponzwa na karatasi. Tarehe 30 Machi 1896 mwendesha mashua aliopoa furushi mtoni Reading, ndani mna maiti ya kichanga cha kike. Konstebo Anderson akaichunguza karatasi ya kufungia kwa hadubini: lebo ya reli ya stesheni ya Temple Meads, Bristol, na jina lililofifia, Mrs Thomas, pamoja na anwani. Nilipoisoma hiyo nilicheka peke yangu, kicheko kibaya.

Mama_Wawili
Shikamoo mzee. Mimi nimeganda kwa Evelina Marmon, mhudumu wa baa Cheltenham, miaka 25. Yeye alitaka kulipa kila wiki, akijipanga aje amchukue mwanawe Doris. Dyer akakataa, akataka pauni 10 kwa mkupuo. Hapo ndipo pa kuogopa. Wa kulipwa kila wiki anamhitaji mtoto awe hai wiki ijayo. Evelina akafunga sanduku la nguo, akamkabidhi mtoto. Akapata barua moja kwamba mambo ni shwari, akajibu, kimya. Siku ya kumi na moja alikuwa anatambua maiti.

Nilizaa nikiwa kidato cha tatu, shangazi akamchukua mtoto kijijini. Kila Jumamosi nilituma sukari na sabuni kwa konda wa basi, na shangazi alikuwa akinirudishia kandambili kuukuu ya mtoto, nione mguu umefika wapi. Hakuwa anajua kuandika.

Karani_Mstaafu
Marahaba mama. Shangazi yako alikuwa msajili kuliko mimi.

Binti, kumalizia: baada ya Dyer sheria ilirekebishwa 1897, umri ukapandishwa hadi miaka mitano, lakini lile "zaidi ya mmoja" wakaliacha. Mtoto mmoja alianza kuhesabiwa 1908.

Binti_Pangani
Ahsanteni sana. Nimemsimulia bibi wa asubuhi haya yote huku namchana nywele. Ya 1908 hakuyajali. Ameuliza tu kandambili ya mwisho ilikuwa saizi gani.

Mama_Wawili
Namba 27. Mwambie siku hizi anavaa 43, na anavivua katikati ya mlango.