Vipindi vya muziki wa moja kwa moja kama njia ya kugundua bendi mpya

Swali
Ndugu wapenzi wa muziki, nimechoshwa na programu za kusikilizia muziki, kwa sababu kila zinaponipendekezea bendi mpya huniletea muziki uleule ninaoujua, ila kwa jina jingine. Nimeamua kutafuta kupitia vipindi vya televisheni ambamo bendi hupiga moja kwa moja. Ni kipi kinachomfaa zaidi mtu anayetafuta asiowajua: kinachokusanya wanamuziki wengi, au kinachompa mmoja nafasi yote?

Jibu la kwanza
Anza na kinachokusanya wengi. Kwangu mimi hakuna kinachokifikia Later... with Jools Holland, kilichoanza kwenye BBC Two, chaneli ya televisheni ya Uingereza, mwaka 1992. Wanamuziki hupangwa kuizunguka studio moja, kila mmoja na vyombo vyake, hivyo ukija kwa ajili ya mkongwe unayempenda utakutana pia na kikundi usichokijua hata jina, kikipiga hatua chache tu kutoka kwake. Mwaka 2004 Nas, mwanarapa wa Marekani, aliposhindwa kufika, nafasi yake ilichukuliwa ghafla na KT Tunstall, mwimbaji wa Uskoti ambaye watazamaji wengi hawakuwahi kumsikia. Alisimama peke yake na gitaa, akanasa midundo na sauti yake kwa pedali, kifaa cha kukanyaga kilichokuwa mguuni pake, akazirudisha moja juu ya nyingine, mpaka mtu mmoja akasikika kama bendi nzima. Onyesho lile ndilo lililomtambulisha kwa umma.

Jibu la pili
Naheshimu maoni hayo, lakini wimbo mmoja au miwili huweza kudanganya, kwani karibu kila bendi ina wimbo mmoja mzuri. Austin City Limits ya Texas, Marekani, ambayo kipindi chake cha majaribio kilirekodiwa na mwimbaji wa muziki wa country Willie Nelson mwaka 1974 kabla ya mfululizo wenyewe kuanza 1976, humpa mwanamuziki kipindi kizima au nusu yake. Katika muda huo mtazame mpiga besi na mpiga ngoma wanavyosikilizana bendi inapotoka kwenye wimbo wa kasi kuingia wa taratibu; hapo ndipo utakapojua kama wamezoeana. Fuatilia pia majina ya wanaomsindikiza mwimbaji, maana mpiga gitaa wa pembeni mara nyingi ana bendi yake mwenyewe, na muziki ninaoupenda kuliko wote niliupata kwa njia hiyo.

Jibu la tatu
Hakikisha kwanza kwamba wanapiga kweli. Katika Top of the Pops ya BBC, iliyodumu kama mfululizo wa kila wiki kuanzia 1964 hadi 2006, wasanii wengi walichezesha midomo tu juu ya muziki uliorekodiwa. Sikiliza pumzi ya mwimbaji mwishoni mwa mstari mrefu; isiposikika kabisa, tilia shaka.

Muulizaji
Nawashukuru sana. Ndugu wa jibu la pili, majina ya wasindikizaji huyasoma wapi?

Jibu la pili
Mara nyingi hupita mwishoni mwa kipindi, tena kwa kasi. Simamisha picha uyaandike.