Naombeni ushauri: tudai maji kwanza au basari?

Ndugu zangu, nawasalimu. Nasaidia kikundi cha vijana hapa Mathare, Nairobi, na tunataka kupeleka hoja kwenye kikao cha maoni ya bajeti ya kaunti. Wengine wanataka basari, yaani msaada wa karo. Mimi naelemea maji. Mama wa huku hununua maji kwa mtungi wa lita 20, na ukipiga hesabu, kila lita inamgharimu zaidi kuliko mwenye bomba kule Muthaiga, mtaa wa matajiri ng'ambo tu ya barabara ya Thika. Asiye nacho ndiye anayelipa ghali, na hilo linaniuma sana. Mfereji ukikauka, binti ndiye anayetumwa kupanga foleni, vitabu vikingoja.

Vijana wanauliza pengo hili lilitoka wapi. Nimewaeleza jinsi wakoloni walivyogawa Nairobi kwa rangi, kisha sera ya serikali ya Kenya huru ya mwaka 1965 iliyoelekeza fedha kwenye maeneo yenye ardhi nzuri na mvua, kaskazini mwa nchi ikasahaulika.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinatupa haki ya maji safi. Je, tusimamie hicho, au tupeleke hesabu za matumizi ya familia, nyumba kwa nyumba? Aliyewahi kusimama mbele ya kamati ya bajeti anieleze: ni kipi huwafanya wasikilize?