Krankesi (ganda la injini) ya pikipiki Honda XL 125 imetoboka nyuma ya sproketi: inatibika nyumbani?

Muulizaji, Chimala

Habari za leo, ndugu zangu. Nilikuwa ninapandisha kona za Hamsini na Saba kuelekea Matamba, nikiwa nimebeba mfuko wa mbolea, cheni ikakatika. Nakiri kwamba nilikuwa nimeiacha ilegee kwa muda mrefu. Ilijikunja kwenye sproketi ya mbele (gurudumu la meno linalovuta cheni) na kuibomoa krankesi upande wa kushoto, pakabaki tundu linalopitisha ncha ya kidole cha mwisho, pamoja na ufa wa kama sentimita 4 unaoshuka chini. Oili ilimwagika yote, nami nikazima injini papo hapo. Krankesi nyingine ya modeli hii ya zamani siipati, na jirani yangu ananishauri nizibe kwa gundi ya epoksi bila kufungua injini. Je, nimsikilize, au nitafute mchomeleaji wa alumini?

Fundi Mstaafu

Pole sana, kijana wangu. Kabla ya kuwaza gundi, jiulize kile kilichovunjika kiko wapi. Injini hiyo hutumia oili moja kwa gia, klachi na krankshafti, kwa hiyo kipande kikibaki ndani kitazungushwa mpaka kinaswe kwenye meno ya gia, na sumaku haitakusaidia kukitoa kwa sababu alumini haivutwi. Okota vipande ulivyo navyo, uvipange penye tundu kama mtu anayeunga chungu. Visipotosha, fungua injini.

Kisha tafuta mwisho halisi wa ufa, maana jicho hudanganya. Safisha mahali hapo, paka mafuta ya taa, subiri kidogo, futa pakauke kabisa, halafu paka unga wa chaki: mafuta yaliyoingia kwenye ufa yatajitokeza na kuchora mstari. Mstari ukiishia kwenye ukuta mtupu, gundi inatosha, kwa kuwa kazi ya ukuta huo ni kuzuia oili tu. Ukifika kwenye kiti cha beringi au tundu la bolti inayoshika injini kwenye fremu, hapo panabeba nguvu, na gundi haipawezi.

Mpanda Milima

Shikamoo mzee, nami naongeza kidogo. Gundi yangu ya kwanza ilibanduka ndani ya wiki mbili, na kosa lilikuwa langu, kwani nilifuta kwa petroli tu. Alumini ya kumimina ina vitundu vidogo vinavyoficha oili, na ukiipasha moto kidogo hutoa jasho. Mara ya pili niliosha kwa asetoni, nikapasha, nikafuta, nikarudia mpaka kitambaa cheupe kikatoka safi. Nilitoboa tundu la milimita 3 kwenye ncha ya ufa ili usiendelee, nikauchimba ufa wenyewe uwe mfereji, nikakwaruza pembeni kwa msasa namba 80, kisha nikatumia gundi yenye unga wa chuma na kuiacha saa 24 kabla ya kutia oili.

Mchomeleaji

Ikibidi kuchomelea, usiipeleke kwa mtu wa mageti. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, lakini ngozi ya oksidi iliyoifunika huhitaji zaidi ya 2,000, ndiyo maana tunatumia mashine ya TIG (ya kuchomelea kwa umeme) yenye gesi ya agoni na umeme wa AC (unaobadilika mwelekeo). Injini ifunguliwe yote, kisha nusu mbili za krankesi zifungwe tena kwa bolti zikiwa tupu, la sivyo joto litazipinda na gasketi (kizibo cha kati ya nusu hizo) haitaziba.

Muulizaji, Chimala

Nashukuru, wazee wangu. Vipande viwili nimevikuta ndani ya kava la sproketi, lakini bado panabaki pengo la ukubwa wa punje ya mahindi, kwa hiyo nitafungua injini. Chaki imeonyesha kwamba ufa unakoma kama sentimita 1 kabla ya beringi.

Fundi Mstaafu

Basi gundi itakufaa, na kwa kuwa unafungua, weka kiraka cha bati la alumini kwa ndani, mradi kisiguse gia. Wakati wa kutenganisha nusu hizo usichomeke bisibisi katikati, kwa sababu mkwaruzo mmoja kwenye uso wa gasketi utakuletea uvujaji mwingine. Gonga polepole kwa nyundo ya mpira.